Deraya ya Bwana Everard

York, sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepoa, na kwamba dada Ysolt hakunyimi samaki wako wa chumvi. Sisi huku ni wazima, na tanuri yako ya vioo inawaka.

Dirisha la kanisani aliloagiza Bwana Everard limekwisha, na sioni haya kusema ni zuri. Unakumbuka alitaka achorwe amepiga magoti mbele ya Bikira Maria, kavaa deraya, lile vazi lake la chuma la vitani, kichwa wazi. Deraya aliileta mwenyewe karakanani. Niliichora kwenye kioo cheupe kwa mistari ya kijivu. Vile vyuma vya kisiginoni vya kumhimizia farasi nikavipaka dawa ya fedha, vikatoka tanurini vya njano kama dhahabu.

Kwapani mwa deraya niliona tundu, nikamwuliza kama nalo nilichore. Akanieleza. Siku jeshi letu liliposhindwa kule Ufaransa, yeye alikuwa amevunjika mguu. Hamo, mbeba ngao wake, alimvua deraya, akaivaa, akapanda farasi na kukimbilia upande wa pili ili adui wamfuate. Wakamfuata. Deraya ilikuja kukombolewa kwa fedha. Hamo alizikwa huko huko.

“Usinichore mimi,” akaniambia. “Mchore yeye. Sijui utampataje tu. Mama yake amekufa, na mimi mwenyewe uso wake unanipotea.”

Nilishika ukingo wa meza, nikamwambia aniachie mimi. Mkewe alikuja kugomba kwamba watu watacheka, jina la bwana chini ya sura ya mtumishi. Bwana Everard akamjibu taratibu, “Wacheke. Mimi nipo hai kuwasikia.”

Hakuna aliyecheka. Jumapili dirisha lilipofunuliwa, wafumaji wa mtaa wetu walimtambua mara moja, mmoja akapiga magoti palepale. Sasa wananiuliza nilimpataje bila kumtazama mtu.

Wewe peke yako nakwambia, Baba. Hamo alipokuwa akitumwa kwetu kuulizia vioo vya bwana wake, ulidhani mvua ndiyo inayomchelewesha. Tulikuwa tumeahidiana. Angekuja kuniposa kwako akirudi kutoka vitani. Nilijua amekufa, namna alivyokufa sikuijua mpaka siku ile.

Nimemchora akitabasamu kidogo. Padri anasema mtu anayesali hatabasamu, nami nimemjibu kwamba huyu alitabasamu hata kanisani. Sitalibadili.

Mbusu Ysolt na wanawe. Ukipata nafuu, njoo umwone mkweo.

Mwanao akupendaye,
Emmot