Sale Shingoni mwa Meja

Kwa Mama Anaeli,
Machame, Moshi.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na kifua chako kimepunguza kukohoa, maana najua vumbi la Maswa wakati huu wa kiangazi halina adabu. Mama naye nampa shikamoo yake. Mimi ni mzima, nakula, nalala, na mwili umeongezeka kwa sababu ya ndizi. Huku ndizi hupikwa kama kwetu ugali, kila siku, bila kumuuliza mtu. Baridi tu ndiyo hatujapatana.

Hii ni barua yangu ya tatu. Mbili za kwanza sikuona majibu yako. Labda zilipotea mlipohamia kijiji kipya, labda hazikupotea. Sikulaumu. Mtoto aliyeondoka bila kuaga, akawaacha maksai wawili wamefungwa nira katikati ya shamba, hana mdomo wa kudai majibu. Dada Kabula aliniandikia mara moja kwamba Mwekundu aliumia shingo akijaribu kujinasua, mkamchinja siku hiyo hiyo. Nimekaa na habari hiyo miaka mitatu. Nina jambo la kukuomba juu yake, nalo nimeliweka mwishoni, kwa sababu huwezi kulielewa kabla sijakueleza habari za mbwa. Usicheke. Na wewe Kabula, msomee baba polepole, usiruke mistari.

Nilikuja huku kuchuma kahawa kwenye mashamba makubwa, kazi ikaisha, nikaajiriwa na Mama Anaeli. Ni mjane wa Kilutheri, mwanawe yuko Dar es Salaam. Ana kihamba, ndivyo wanavyoliita shamba la nyumbani lenye migomba na kahawa, na ana ng'ombe wawili wa maziwa ambao hawatoki nje. Ndiyo, baba, hawatoki. Ng'ombe anakaa bandani kama bibi harusi, majani anafuatiwa mbali huko chini tambarare. Anayeyafuata ni mimi.

Marehemu mume wake alikuwa seremala kwa Kalasinga mmoja mwenye karakana ya mbao mjini Moshi. Kalasinga alipohama na familia yake kwenda Kanada, alipanda mpaka huku na gari lake, akamwachia mjane mtoto wa mbwa awe kumbukumbu ya fundi wake. Alilia, Mama Anaeli naye akalia, mbwa akakojoa kwenye zulia. Jina lake Meja. Ni wa jamii ile ya mbwa wa polisi, na tangu mdogo miguu yake ilikuwa minene kuliko akili yake.

Alipofikisha miezi kumi alikuwa mkubwa kama ndama, na ujana ukamwingia. Jina lake, alilokuwa akiliitikia mbio, akawa halisikii tena. Ukimwita anageuka, anakutazama vizuri kabisa, kisha anaendelea na safari yake. Ukimfunga kamba, anakuvuta mpaka ndala zinabaki nyuma. Akifurahi anakupandishia miguu kifuani. Mchungaji alikuja kumjulia hali Mama Anaeli akiwa na shati jeupe, akaondoka na shati la udongo. Tena alikuwa anachimba, Mungu wangu, alichimba kama aliyeambiwa kuna hazina.

Siku moja nilirudi na mzigo wa majani nikakuta amechimba kando kabisa ya kihamba. Mmea mmoja mrefu, wenye majani yanayofanana na ya mahindi, ulikuwa umelala chini, mizizi juu. Niliuona ni ua la mapambo tu. Kwetu mpaka ni miti ya manyara au jiwe, nani angenifundisha kwamba ua linaweza kuwa mpaka? Pale palipochimbwa palikuwa shimo tupu, basi nikatafuta udongo mzuri zaidi, nikaupanda mmea ule hatua tatu ng'ambo, nikaumwagilia maji, nikashindilia kwa kisigino. Nilijipongeza sana.

Asubuhi yake nilimkuta jirani yetu, Mzee Lyatuu, amesimama mbele ya ua langu. Nikamwamkia, hakuitikia. Hapo nikajua pana jambo.

"Mama Anaeli!" akaita. "Toka nje uone. Mume wako alikufa akiitaka ardhi hii. Sasa umemleta Msukuma aje akuchukulie?"

Mama Anaeli alitoka na mwiko mkononi. Alipoona mmea ulipo, mwiko ukamdondoka.

Baba, ule mmea unaitwa sale, na huku sale ndilo mpaka wenyewe. Huligusi. Marehemu na Mzee Lyatuu walibishania kipande kile miaka mingi, mpaka wazee wa ukoo wakakaa, wakapanda sale lile, maneno yakaisha. Na mimi nikayafufua kwa jembe na ndoo ya maji.

"Sikutumwa, mzee," nikasema. "Mbwa aliling'oa, mimi nikalirudisha. Sikujua ni kitu gani."

"Mbwa aliling'oa." Alimtazama Meja, ambaye saa hiyo alikuwa anamrukia ili amlambe kidevu. "Aisee, leo kang'oa sale, kesho atang'oa shingo za mbuzi wangu. Nawapa mpaka tumalize kuchuma kahawa. Baada ya hapo nikimwona, shoka ninalo."

Hakuwa anatania. Mama Anaeli aliingia ndani akakaa kitako sakafuni. Mbwa yule ndiye aliyebaki wa kumkumbusha mumewe, na ujirani ule ndio anaoutegemea akiugua. Alilia kidogo, akajifuta, akaenda kukata jani la sale, akalifunga fundo, akanipa.

"Mpelekee," akasema. "Usiseme maneno mengi. Aliyekosa akileta sale, aliyekosewa hawezi kukataa. Huku kwetu ndivyo ilivyo."

Nikaenda. Nililishika kwa mikono miwili, nikamwambia nimekosa, basi. Mzee Lyatuu alilipokea, akaligeuza geuza muda mrefu. "Wewe nimekusamehe," akasema. "Mama Anaeli naye sina neno naye. Lakini mbwa hajaniletea sale."

Mke wake alicheka huko jikoni. Yeye hakucheka. Tulirudi tukalipanda sale kwenye shimo lake la zamani, sote watatu, naye akapima kwa nyayo zake mwenyewe.

Kuanzia hapo kazi ikawa kumwokoa Meja, na nilianza vibaya. Siku ya pili alinivuta nikaanguka kwenye mfereji wa maji mbele ya akina mama waliokuwa wanafua. Walicheka. Nikaokota fimbo nikampiga, nikampiga zaidi ya kosa lake. Alikimbilia chini ya mikahawa, na kutwa nzima hakutoka, hata kwa maziwa. Nikikaribia, anatetemeka. Nilikaa chini pale pale nikaona haya, baba, kwa sababu nilikwisha kumwona mnyama akinitazama namna ile. Mwekundu ndivyo alivyonitazama siku ile. Alinigomea tangu jua linachomoza, nikamvuta, nikampiga, hakusogea, nikajiona mjinga mbele ya maksai. Nikatupa fimbo nikaenda zangu stesheni.

Pale chini ya mikahawa ndipo nilipokumbuka ulivyokuwa unanifundisha, na mimi nikijifanya nimeshajua. Ulisema: akivuta, simama, ukivuta naye mtavutana mpaka jioni. Ulisema: usimwite kama hujui atakuja, maana utakuwa unamfundisha kutokuja. Ulisema: sauti iwe moja. Nikaanza upya kana kwamba wewe umekaa juu ya jiwe lako unanitazama.

Meja akivuta kamba, nasimama kama mti. Anageuka kuona kumetokea nini, kamba inalegea, tunaendelea. Siku ya kwanza kutoka nyumbani mpaka barabarani, umbali wa kutupa jiwe, tulitumia asubuhi nzima, na watu wakadhani nimeugua. Akinirukia, nampa mgongo mpaka miguu yote minne iwe chini, ndipo namsalimu. Nilimfunga kamba ndefu sana, nikawa namwita kamba ikiwa mkononi mwangu, na akija anapata kipande cha kwato ya ng'ombe iliyochemshwa. Asipokuja namrudisha kwa kamba taratibu, bila matusi. Na kila siku nilishuka naye tambarare kukata majani, kwa sababu niligundua nusu ya utundu wake ni nguvu isiyo na kazi. Akipanda mlima kurudi, ulimi nje, anasikia kila unalosema.

Mgumu zaidi alikuwa Mama Anaeli. Mimi nasema "Kaa!", yeye anasema "Njoo hapa mtoto wangu," na anamtupia ndizi huku mbwa amempandishia miguu begani.

"Mama," nikamwambia, "ukimpa akiwa amekurukia, umemlipa mshahara wa kuruka."

"Sasa ananiomba kwa macho, nifanyeje?"

"Mpe mgongo."

Alimpa mgongo siku tatu, akiomboleza kama yuko msibani, lakini alimpa.

Siku tuliyomaliza kuchuma kahawa, nilimwita Meja asubuhi, nikakata jani la sale, nikalifunga fundo, nikalifunga kwenye ukosi wake. Mama Anaeli akashika kichwa. "Masanja, unamvisha mbwa sale? Watu watatusema."

"Mzee mwenyewe ndiye aliyesema hajaletewa," nikajibu, lakini fundo nililikaza mara mbili. Mzee angeona ni dharau, shoka lingefanya kazi siku hiyo hiyo.

Mzee Lyatuu alikuwa uani kwake, anapasua kuni. Mbuzi watano walikuwa wamefungwa karibu, na kitoto kimoja cha mbuzi kilikuwa huru kinarukaruka. Tulipofika mlangoni mwa ua nilifungua kamba, nikaiweka chini mahali mzee atakapoiona. Tukatembea. Kitoto cha mbuzi kikapita mbele ya pua ya Meja. Akasimama, misuli yote ikamkaza, sikio moja likainuka. Sikupiga kelele. Nikasema "Meja," kwa sauti ile ya chini unayowasemesha maksai. Alikitazama kile kitoto, akanitazama mimi. Kisha akaja.

Tulipofika mbele ya mzee nilisimama, na Meja akakaa kitako, kama nilivyomzoesha kukaa kila ninaposimama. Mzee Lyatuu aliona jani. Mimi nikawa naangalia shoka tu. Akaliegemeza kwenye kuni, akainama, akalifungua lile jani kwa vidole vyake vizee, polepole. Meja alimlamba kiganja, makalio yakiwa chini.

"Aisee," akasema. "Kaleta kweli." Kisha akamwita mke wake amletee mbwa mfupa.

Usidhani amekuwa malaika. Juzi kala sabuni ya kufulia, sabuni yenyewe ya kupangia foleni, akawa anatoa povu mpaka jioni. Lakini Mzee Lyatuu siku hizi akipita njiani anamsalimu Meja kwanza, mimi baadaye.

Nisalimie mama, mwambie sweta alilonifumia, nililoondoka nalo mwilini siku ile, ndilo linaloniweka hai. Nisalimie mjomba fundi baiskeli, na bibi mzaa mama, na shangazi aliyesema nitaoa Mchaga, mwambie bado. Wewe Kabula, asante kwa kusoma, najua hapo juu umeruka mistari.

Sasa ombi langu, baba. Ndani ya bahasha utaona jani kavu lenye fundo. Nililikata kwa ruhusa ya Mama Anaeli, na fundo kalifunga Mzee Lyatuu kwa mkono wake, maana langu alisema limelegea. Najua sale si desturi yetu, na wewe hulazimiki nalo. Nilimkosea Mwekundu, nikakukosea wewe zaidi. Kama utalipokea, Kabula aniandikie neno moja tu, nami nitapanda treni nifike kabla hamjaanza kulima. Na kwa kuwa mlango wenu katika kijiji kipya siujui, nitauliza njia, nifike, nisimame nje, nibishe hodi.

Mimi mwanao niliyekukosea,
Masanja