Siku za Zaina Zimerudi

Kwaluguru, Ijumaa usiku, 1974

Leo tulipokuwa tukichambua mchicha, Zaina, mke wa mwanangu, alininong'oneza: "Mama, siku zangu zimerudi." Nimefurahi kama niliyepewa mjukuu.

Tulipohamia kijiji hiki cha ujamaa, mume wangu alibeba papasi wa nyumba ya zamani, wale kupe waletao homa, ndani ya kiberiti. "Hawa wametuzoea," alisema, "papasi wageni ndio watakaotuua." Kweli, sisi hatukuugua. Lakini Zaina ni wa Vugiri, milimani kwenye baridi, na kwao hakuna papasi. Homa ikawa inampata na kumwacha, kisha damu ya mwezi ikakatika. Tuliogopa hatazaa. Daktari wa Korogwe alisema huenda homa hiyo ndiyo iliyovuruga homoni, akamchoma sindano.

Jioni nilimwambia mume wangu achinje kuku.

"Kuna sherehe gani?"

"Wewe chinja tu, Baba Saidi."

Zaina alicheka mpaka akakaa chini.