Baba, Umeandikwa kwa Majina Matatu

Kambi ya Dzaleka, Malawi, tarehe 9 Juni 1996

Kwa Baba yangu mpendwa, Kiza Wilondja,

Nakusalimu sana katika jina la Bwana. Mguu unaendeleaje? Na Mama, vumbi la kiangazi halimsumbui kifua? Sisi huku tuko wazima. Mke wangu Ketsia anashona nguo hapa kambini, na batoto sasa wanaita ugali nsima. Baridi tu njo inatutesa. Barua hii anakuletea Abdoul, mchuuzi wa Kindu, jirani yetu. Mwamini.

Baba, nimepata kazi. Tangu Februari, siku za juma niko Lilongwe, nalala Likuni kwa bantu wa kanisa, na Ijumaa narudi Dzaleka. Ni ofisi ndogo ya utafiti wa mihogo. Mkubwa wetu ni mama Mmalawi, tunamwita Mayi Mbewe. Anataka kuchapa orodha ya maandiko yote juu ya magonjwa ya mihogo, toka Ziwa Tanganyika mpaka huku. Mi naingiza kwenye kompyuta jina la mwandishi, kichwa cha ripoti na mwaka, maana zile za Kifaransa hakuna mwingine wa kuzisoma.

Sasa hiyo programu ina ujinga wake. Herufi moja ya jina ikibadilika, inahesabu mtu mwingine. Mwezi wa nne ilinitolea waandishi watatu: Kiza W., Wilondja K., na Wilonja Kiza, bila d. Mayi Mbewe alisema pengine ni ndugu. Nilicheka, kisha machozi yakanitoka mbele yake. Nikamwambia ni mtu mmoja, ni baba yangu. Akataka ushahidi. Nikamwonyesha ripoti ya 1984 inaposema “kama nilivyoeleza mwaka 1981”, na ile ya 1981 iko chini ya jina lingine. Alizisoma siku mbili, akaniruhusu kuziunganisha. Ripoti zako zikawa kumi na moja, Baba! Ofisi nzima walikuja kuangalia. Mayi Mbewe akasema, “Huyu mzee tulikuwa tumemkata vipande vitatu. Zikomo, Lwaboshi,” yaani asante.

Hapo njo moyo ulianza kunichoma, kwa sababu nilijua iko ya kumi na mbili.

Unakumbuka ripoti ya 1989, ile ya mihogo ya Fizi iliyokataa ugonjwa? Ulikuwa mgonjwa, ukanipa niipige mashine na kuituma. Nilikwambia ilipotea posta. Baba, haikupotea. Nilitoa jina lako, nikaweka langu, nikaituma Bujumbura, wakaichapa. Yale masomo ya miezi sita niliyoitiwa, niliitiwa kwa ajili yake. Wewe ulikwenda kumwomba mkubwa wako msamaha kwa kupoteza kazi ya miaka mitatu. Mi nilikuwa nimesimama mlangoni, nikanyamaza. Na ripoti hiyo hiyo njo nilionyesha huku nipate kazi.

Jumatatu iliyopita nilimwambia Mayi Mbewe yote, koti langu likiwa tayari mkononi. Akauliza kama wewe unajua. Nikasema hapana. Akasema cheo cha mtafiti nilichojiandikia amekifuta, lakini kazi ya majina nitaendelea nayo, na kabla orodha haijaenda kwa mchapaji nikuandikie kwa mkono wangu. Kisha akanisogezea kiti, nikafuta jina langu mwenyewe, nikaandika lako.

Ukikasirika, Baba, ni haki yako. Sikuombi useme umenisamehe. Ila Abdoul atarudi mwezi wa saba, na kitabu cha hiyo orodha kitachapwa wa nane: mwambie jina lako unataka liandikwe namna gani, nisikuchagulie tena. Na umuulize Mama kama ni yeye alichora yale majani yaliyojikunja katika ripoti ya 1981. Pembeni naona herufi mbili ndogo, J.M., na zaidi ya Mama simjui Jeannette mwingine aliyekuwa anakwenda na wewe shambani. Kompyuta ina nafasi ya jina la mchoraji. Nimeiacha wazi.

Ketsia na batoto wanakushika mikono, wewe na Mama, na mzee Asani wa ng’ambo ya njia.

Mimi mwana wako,
Lwaboshi