Kitana cha Nyumba Iliyojaa Watu

Tarehe 3 Februari

Mpwa wangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi, na nyingine zimebaki nje kwa kukosa nafasi kwenye bahasha. Hujambo huko? Mimi mzima kama chuma cha reli. Juzi nimenyoosha rimu ya baiskeli kwa goti, bila nyundo, mwenye baiskeli akaondoka anaiendesha.

Barua yako nimeisoma. Eti wamekuomba ubaki miaka mitatu zaidi, na wewe unataka kukataa kwa sababu tangu mama yako afariki mimi niko peke yangu. Peke yangu nani? Dada yangu alipoondoka nilipangisha vyumba vyote. Yupo fundi viatu na mkewe, yupo mwalimu wa hesabu anayekoroma kwa kuzidisha, na wapo walinzi wawili mapacha ambao hata mama yao huwachanganya. Asubuhi foleni ya bafuni inafika barabarani. Tia sahihi, mtoto wa dada yangu. Usiache kazi kwa ajili ya mtu ambaye hana hata pa kuweka kiti.

Ila hiyo kazi nieleze vizuri. Jirani kaniuliza, nikamwambia unatibu wafu. Nimekosea?

Mjomba wako,
Fundi Mkuu wa Baiskeli


Tarehe 28 Februari

Shikamoo mjomba,

Natumaini goti halijambo baada ya ile rimu. Mimi mzima, ni baridi tu.

Sitibu wafu. Watu wakifukua makaburi ya kale, wengine huchukua mifupa, wengine vyungu. Mimi naletewa udongo uliotoka mahali palipokuwa tumbo, na vitana. Natafuta wadudu walioishi ndani ya watu na juu yao. Yai la chawa hujigandisha kwenye unywele, likabaki hapo hata miaka elfu. Na chawa hana mabawa wala haruki, anapita kichwa kwa kichwa. Kwa hiyo nikikuta mayai yake, najua mwenye kitana alilala karibu na mtu, au alikuwa na mtu wa kumlaza pajani amchane.

Mwezi huu nimeletewa kitana cha pembe, kutoka kaburi lililochimbwa mbali na mengine. Kizuri kuliko vyote. Nimekipekua jino kwa jino, hakuna hata yai moja. Mkuu wangu akasema, "Huyu alikuwa msafi sana." Huenda. Mimi nilibaki nacho mezani mpaka wenzangu wakaenda kwao.

Hapa nilipopanga, mjomba, jirani wa mlango wa pili simjui hata sura, namjua kwa kikohozi. Juzi hakukohoa, nikakosa raha.

Niambie kweli kuhusu hiyo nyumba. Miaka mitatu ni mingi.

Mpwa wako


Tarehe 20 Machi

Mpwa wangu,

Salamu sana. Hujambo wewe, na hakijambo kikohozi cha jirani?

Kumbe ni chawa! Si ungeniuliza mimi mapema! Nilipokuwa mpishi kwenye kambi ya wajenzi wa barabara, ukivua kofia ukaiweka chini, inaondoka yenyewe inakwenda kutafuta kivuli. Chawa mmoja nilimpiga kofi, akageuka akaniangalia kwa dharau, kama mtu aliyekatizwa mazungumzo.

Ukweli kuhusu nyumba nakutumia kwa posta. Kwenye kifurushi hiki mna kitana cha mama yako, kile cha mti chenye jino lililovunjika. Nyumba nzima tunachania hicho hicho. Kila asubuhi ni ugomvi: mke wa fundi viatu anavuta huku, mapacha wanavuta kule, mwalimu anataka tupange zamu kwa hesabu. Sijakiosha makusudi. Kiweke kwenye hadubini yako, uwaonyeshe hao wakubwa zako vichwa vya watu walio hai. Wapangaji nimewaambia wavumilie vichwa timtimu, ni kwa ajili ya elimu.

Ukishaona, tia sahihi.

Mjomba wako,
Asiyepata hata pa kupumulia


Tarehe 2 Juni

Shikamoo mjomba,

Hali yako? Nisamehe kwa kimya. Kitana kilifika mwezi wa nne. Nilikiangalia siku ile ile, kisha nikashindwa kuandika.

Kwenye ncha za meno kuna nywele nyingi, za karibuni. Wapangaji wako wote, mjomba, wana nywele fupi nyeupe zilizoshika grisi ya mnyororo wa baiskeli. Hata mke wa fundi viatu.

Chini kabisa, penye mafuta yaliyoganda, nilikuta nywele ndefu za mama. Katikati yake upo unywele mmoja mwembamba wa mtoto, na yai la chawa bado limeushikilia. Ni wangu. Mwaka ule nilirudi na chawa kutoka shule, mama akanilaza pajani, wewe ukanishika miguu nisikimbie, huku ukiniapia kwamba chawa wakikomaa wanaanza kulipa kodi. Wiki iliyofuata mlikuwa mnajikuna wote wawili.

Huo unywele sikuuweka na vitu vya kazi. Uko mezani kwangu, juu ya karatasi ya miaka mitatu. Karatasi haina sahihi.

Nimeomba likizo. Nitafika mwisho wa mwezi wa saba. Waombe wapangaji wako wanisogezee nafasi ya kitanda kimoja.

Mpwa wako


Tarehe 19 Juni

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu za mapenzi. Hujambo? Mimi sijambo. Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, kisha nikatafuta pa kukaa. Pakapatikana.

Wapangaji nimewafukuza. Wote, asubuhi moja! Fundi viatu alilia, mkewe akanirushia sufuria. Mapacha walinitoa jasho, kila nikidhani nimemtoa wa pili, kumbe ni yule wa kwanza karudi. Mwalimu alitoka mwisho, anahesabu ngazi. Hawakuacha hata kijiko. Ukiingia utaona vyumba vimekuwa kama hamjawahi kulala mtu. Nikifanya kazi mimi, nafanya safi.

Chumba cha mama yako nimekifungua dirisha. Lilikuwa limegoma, nikalipiga goti. Sasa goti linauma, na hili la goti ni kweli.

Habari ya karatasi tutaongea uso kwa uso. Kwenye barua mimi huzidisha chumvi.

Kitana njoo nacho mkononi, usikitume. Tangu mwezi wa tatu nachana kwa vidole.

Mjomba wako