Mbwa Wetu Hambwekei Yule Mwanamke

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie haraka, maana Jumapili shemeji yangu anakuja kumchukua mbwa wetu, na navyojisikia sasa hivi, akishampakia mbwa garini huenda nikamwomba ampakie na kaka yake.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, mume wangu ni fundi wa plasta, na mbwa wetu tunamwita Meneja kwa sababu anakaa mlangoni kukagua kila anayeingia na hakuna kazi nyingine anayofanya. Alikuwa mpole mpaka aliporukiwa na mbwa mmoja aliyekuwa akizurura, yeye akiwa kwenye kamba, akang'atwa sikio, na tangu hapo akiona mbwa mwenzake hata kwa mbali anapandwa na wazimu, anabweka, anavuta, anasimama kwa miguu miwili, mpaka siku moja akamvuta mama yangu mzazi pale getini akamwangusha kwa magoti, nami kwa hasira nikaapa mbele ya mume wangu kwamba Meneja akimwangusha mtu mwingine wa nyumba hii, siku hiyohiyo anaondoka. Mume wangu akasema, "Sawa, mama watoto, kuanzia leo nitamtembeza mwenyewe." Nikamshukuru. Mjinga mimi.

Kwa sababu hapo ndipo mambo yalipoanza. Matembezi ya kuzunguka mtaa yakawa marefu mpaka chai inapoa mezani, mume akawa anarudi ananukia dawa ya kuchua, ile kali inayozibua pua, nikimuuliza anasema kazi inachosha mgongo, lakini plasta anapiga tangu hajanioa na hakuwahi kunukia vile, nikabaki najiuliza, mgongo wake anaufikiaje mwenyewe, ni nani anayemchua? Nikifua suruali zake nakuta mfukoni vipande vya maini ya kuchemsha, vimekatwa vidogovidogo kwa uangalifu, mtu ambaye mimi hajawahi kunikatia hata kitunguu. Halafu jioni moja nikamsikia nyuma ya nyumba akisema kwa sauti laini, sauti ambayo mara ya mwisho niliisikia tukiwa wachumba, "Niangalie mimi. Usimwangalie yule. Hivyo hivyo, mzuri wangu." Nikatokeza ghafla, nikamkuta yuko na Meneja tu, akashtuka, akaingiza kitu mfukoni upesi, na mimi si mtoto mdogo, mshauri, ile ilikuwa simu.

Juzi nikawafuata. Walielekea barabara ya nyuma ya maghala, ambako magari ni machache, nikajibanza nyuma ya gari bovu, na kweli akatokea mwanamke, yule mwenye duka la dawa, mjane, anajua kuvaa, naye ana jike la mbwa la rangi ya kahawia. Mwanamke upande huu wa barabara, mume wangu upande ule, wanatembea kuelekea njia moja, hawasogeleani, kama watu wasiojuana, ila wanapaza sauti kuongea na wanacheka! Na Meneja, anayewabwekea hata mbwa wa kwenye televisheni, alikuwa anatembea kimya, mwili umelegea, anamtazama yule jike, kisha anamtazama mume wangu, basi. Moyo ukanilipuka. Nikajua wamekwisha kuzoeana, mpaka mbwa amewazoea.

Nikajitokeza. "Baba watoto!" Meneja kuniona akaruka kwa furaha kunijia, kamba ikakaza, mume wangu akapiga ukelele, akashika bega, kamba ikamponyoka. Yule mwanamke ndiye aliyeikanyaga, kisha akaniambia, tena mimi, "Dada, msaidie mwenzio, bega lile bado halijapona."

Bega gani? Yeye analijuaje bega la mume wangu na mimi silijui?

Niligeuka nikaenda zangu. Mume aliporudi akasema, "Nilitaka kukwambia mambo yakishatengemaa." Nikamuuliza, "Mambo ya kwetu au ya kwenu?" Nikachukua simu palepale. Nikampigia shemeji kuhusu mbwa. Sasa niambie, nimtoe nani kwanza?

Mimi, wa nyuma ya gari bovu

JIBU

Pole, mdogo wangu. Umeumia, na sikucheki. Sasa kaa chini nikugombeze.

Barua za wake walioibiwa waume nazisoma kila wiki. Wapo waliohonga viatu, wapo waliohonga manukato, yupo hata aliyehonga friji. Mwanamume anayetumia maini ya mfukoni kumtongoza mjane anayejua kuvaa sijawahi kumpata. Maini ni ya Meneja! Na yale maneno matamu yaliyokukosesha raha ni ya Meneja pia: akimwona mbwa mwingine aache kumkodolea, amtazame mwenye kamba, apewe kipande. Ulichodhani ni simu kilikuwa nyama.

Hata hivyo sikutaka kukujibu kwa kubahatisha. Nilimsimulia daktari wa mifugo habari za barabara ya maghala bila kukutaja. Akasema, "Huyo bwana anajua anachofanya." Mbwa aliyewahi kung'atwa akiwa amefungwa hapelekwi uso kwa uso na mwenzake. Wanatembezwa kila mmoja upande wake wa barabara, kuelekea njia moja, na pengo linapunguzwa kidogo kidogo kadiri anavyotulia. Kwa hiyo ile "kujifanya hawajuani" ndiyo somo lenyewe.

Bega je? Fikiri. Uliapa kwamba mtu mwingine wa nyumba hii akiangushwa, mbwa anaondoka. Nadhani mtu huyo ni mumeo. Alivutwa, akaanguka, akaenda kununua dawa ya kuchua, na muuza dawa mwenye mbwa akamwuliza kimempata nini. Kwako hakuthubutu kusema, kwa sababu kiapo chako kilikuwa kinamsubiri mlangoni.

Kwa hiyo kushuku hukukosea. Kuna kitu alikuwa anakuficha, na hilo ni kosa lake, nami nikimpata nitamwambia. Fundi wa plasta anayeficha bega bovu anachezea riziki ya nyumba nzima. Vile vicheko pia sina maelezo yake. Sikuwepo. Hilo muulize mwenyewe, mchana, watoto wakiwa nje, kwa swali moja tu, kisha ufunge mdomo mpaka amalize. Ukimkatiza katikati kwa maneno ya "ya kwetu au ya kwenu", utabaki na jibu ulilokuwa nalo kabla ya kuuliza. Akijibu ukaona haeleweki, niandikie tena, nami nitakuwa upande wako bila kupepesa.

Leo hii mpigie shemeji, mwambie asije. Bega liende hospitali, dawa ya kuchua haitoshi. Na kwa kuwa mwenye bega hawezi kushika kamba, utaishika wewe. Ilegeze, usiivute, maana mkono wako ukikaza mbwa anajua umeogopa, naye anajiandaa kupigana. Ukiona mbwa mwingine anakuja, vuka barabara mapema kabla Meneja hajakakamaa. Akitulia, mpe kipande. Akibweka, usimpigie kelele, geuka naye mwende mbali zaidi. Zikipita siku bila mafanikio usikate tamaa, hofu ya siku nyingi haitoki kwa matembezi mawili.

Yule muuza dawa utakutana naye hukohuko. Msalimie. Mtazame vizuri unavyotaka, macho ni yako, lakini kutoka upande wako wa barabara.

Asubuhi mumeo na Meneja wakijiandaa kutoka, vaa viatu visivyoteleza na uchukue kamba. Mumeo akiuliza unakwenda wapi, mwambie, "Nakwenda na nyinyi." Halafu fungua mlango, utangulie.