Rubani wa Stoo na Vipimo Vyake Saba

Mwaka umetimia, Baba Pacha, tangu ulipoondoka bila kuaga.

Fundi redio wewe, ndege hukuipanda hata mara moja, lakini stoo yetu uliigeuza chumba cha rubani. Sufuria zangu zikahamia chini ya kitanda. Miaka sita ulihangaika na vipimo vyako saba, mfano wa vile vya ndege ya kweli: cha mwendo, cha mwinuko, dira na vinginevyo. Namba ulizichora kwa mkono, huku umebana pumzi. Mshale wa kipima mwinuko uliuchonga kwa jino la kitana changu. Nikanuna siku nzima, na wewe ukacheka tu!

Kila jioni uliwaketisha mapacha nyuma yako. "Abiria, fungeni mikanda. Mama yenu akichelewa tunamwacha."

Hukujua kumfokea mtu. Redio ya asiye nacho uliitengeneza bure, ukamwambia lilikuwa vumbi tu.

Ndiyo maana rafiki yako, yule mwalimu wa ufundi, alituweza kirahisi. Siku ya tatu baada ya mazishi alikuja, macho mekundu kuliko yetu. "Shemeji, nipe vipimo nikutunzie, visije vikaharibika." Tukambebea wenyewe mpaka kwenye gari. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mwezi uliopita tukavikuta kwenye maonyesho ya chuo chake, jina lake limebandikwa juu. Nikamuuliza. Akanijibu mbele za watu, bila haya: "Shemeji, marehemu alikuwa akinishikia bisibisi tu."

Kumshikia bisibisi! Wewe!

Sikulia. Nilimwambia awashe. Akawasha, mshale wa mwinuko ukaganda. Akahangaika na nyaya mpaka shati likalowa jasho, wageni wanamtazama. Ndipo binti yetu, Pacha Mdogo, akasogea, akagonga kioo mara mbili kwa kifundo cha kidole kama ulivyozoea, na mshale ukaruka. Hakuishia hapo. Akafungua skrubu nne, akageuza uso wa kipimo, akausoma mwandiko wako kwa sauti: "Mke wangu akiuliza kitana, kiko humu."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, mwalimu akatafuta mlango. Raha niliyoipata, mume wangu, sikufichi.

Jumapili amevirudisha vyote saba. Kapiga magoti sebuleni kwako. "Shemeji, nimekosa. Nakuomba kitu kimoja tu, usiyaandike haya kwenye kumbukumbu yake gazetini."

Najua wewe ungemnyanyua, ukampa chai. Mimi nilimwacha palepale sakafuni, nikaenda kutafuta kalamu.

Unakumbukwa na mimi mkeo, mapacha wako, dada yako mkubwa, wakwe, na wote uliowatengenezea redio wakaondoka wakikuombea dua.

Hatutakusahau maisha yetu yote. Na yeye hatutamsahau.