Kadi Yangu Imebaki kwa Mwenye Nyumba

Bwiza, Bujumbura

Mama yangu,

Nisamehe. Tangu mvua zianze sijakuandikia. Sikukusahau, kila nikishika kalamu naona aibu ya nitakachosema. Kifua chako kinaendeleaje? Na baba, bado anakataa dawa? Huku mguu uliopinda wa mjukuu wako Pendo unanyooka. Kila wiki nampeleka hospitali Kamenge wambadilishie plasta ngumu ya kuunyoosha. Analia sana, halafu tukifika nyumbani anaionyesha kwa watoto wa uani kama kiatu kipya.

Sasa nikuambie. Kwenye mkutano wa mtaa, shefu, mkubwa wa mtaa wetu, alitangaza kwamba polisi wa hapa wasimuulize tena mgeni karatasi, hiyo ni kazi ya uhamiaji peke yao. Sisi Wakongomani tulipiga makofi mpaka mikono ikauma. Nikaacha kutembea na kadi yangu ya ukaazi kifuani, nikaiweka sandukuni. Mwenye nyumba, Mama Salome, akaichukua. Anasema atairudisha nikimaliza kumfanyia kazi mgahawani kwake. Nitamaliza lini, hasemi.

Nikaenda polisi. Yule afande alicheka tu.

"Mama, karatasi ya mugeni mi siigusi. Mwenzangu aliigusa, leo analinda jalala."

"Sikuombi uikague, afande. Mwambie yule mama anirudishie. Ameiba."

"Ameiba nini?"

"Kadi yangu ya ukaazi."

"Apana, basi si kazi yetu. Nenda uhamiaji."

Mama Salome nilimkuta mlangoni anamenya ndizi. "Umerudi, mugeni? Polisi yenyewe inakuogopa! Haya, sahani ziko pale." Mbele ya Pendo. Nikaziosha, mama.

Nikaenda uhamiaji. Kwa kuwa sina kadi mkononi, wamenipa wiki mbili nilete karatasi ya kuzaliwa kutoka kwetu, la sivyo wananivusha mpaka. Nikawaambia mtoto wangu yuko katikati ya matibabu. Dada wa mezani hakuinua hata macho: "Mtoto ni Mrundi kwa marehemu baba yake, hatumgusi. Ni wewe tu." Nafikiri alidhani ananifariji.

Usilie. Mimi nimelia, nikaacha. Na baba asije kugombana na watu huku, namkataza kabisa. Nisalimie bibi mzaa baba, na mjomba fundi baiskeli, na shangazi aliyenifundisha kusuka. Mama anayekuletea barua hii anauza vitenge, anarudi huku Alhamisi. Mpe yeye mwenyewe mkononi:

Karatasi yangu ya kuzaliwa, yenye muhuri unaosomeka.

Barua ya shefu wa kwetu kwamba ananijua, na alama ya kidole chako chini yake.

Foto yangu ya shule, ile ambayo uso unaonekana wote.

Na umtume dada Furaha, aje na nguo za miezi miwili. Plasta zimebaki nne, na pale Kamenge hawamfungi mtoto asiye na mtu wa kumshika.

Mwanao,
Riziki